Kisanduku Kitupu Kwenye Ratiba: Mwalimu Ahame Lini, na kwa Njia Gani?

Januari, shule zikifunguliwa, mwalimu wa taaluma hubandika ratiba mpya ukutani mwa ofisi ya walimu. Katika sekondari nyingi za kata huko Chemba, Bahi na Chamwino mkoani Dodoma, ratiba hiyo huwa na visanduku ambamo jina la somo limeandikwa lakini herufi za jina la mwalimu hazipo. Fizikia, Jumatano, saa nne, kidato cha tatu. Nafasi ya jina nyeupe. Nyuma ya kila kisanduku cha namna hiyo mara nyingi kuna mtu aliyekuwapo akaondoka, na aliondoka kwa mojawapo ya njia tatu: alihama, aliacha kazi, au alitoweka tu bila kuaga. Kwa mzazi njia hizo zinalingana, maana mtoto wake hana mwalimu vyovyote iwavyo. Mimi nasema hazilingani hata kidogo. Swali la lini na vipi mwalimu aondoke shule moja kwenda nyingine linapaswa kujibiwa kwa kuangalia kisanduku kile: kitazibwa na nani, na baada ya muda gani? Sheria hupima muda wa kuaga kwa mzunguko wa mshahara, na walimu wenyewe hupima kwa uzito wa sababu zao. Vipimo vyote viwili vina haki yake, lakini hakuna hata kimoja kinachofika darasani.

Ni vyema kwanza kuyatenganisha maneno kuhama na kuacha, ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Wakati wa ukoloni na mara baada yake, mwalimu wa Ugogo, yaani eneo hili la Dodoma, alikuwa mtu wa misheni, au wa serikali, au wa mamlaka ya wenyeji. Mwalimu wa shule ya CMS, misheni ya Waanglikana, kule Mvumi aliyetaka kufundisha shule ya Wakatoliki Bihawana alikuwa hana budi kumwacha mwajiri mmoja na kumwendea mwingine. Sheria ya mwaka 1962 iliyoanzisha Utumishi wa Walimu wa Pamoja Tanganyika ilianza kuivunja hali hiyo kwa kuwaweka walimu wa mashirika na wa serikali chini ya masharti yaleyale, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitwaa shule zenyewe. Shule ya Alliance iliyojengwa na wamisionari mjini Dodoma ikawa Mazengo, shule ya serikali, na tangu 2007 majengo yake ni ya Chuo Kikuu cha St John's. Ni uwanja uleule ambao umebadili mwajiri mara mbili bila kuhama hata hatua moja. Leo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na yenye makao yake Dodoma, inasimamia walimu wa shule za umma wa msingi na sekondari Tanzania Bara yote. Maana yake ni rahisi ingawa husahaulika: mwalimu wa serikali anayetoka Farkwa kwenda Dodoma mjini habadilishi utumishi, anabadilisha kituo cha kazi. Kuandika barua ya kuacha kazi ili apate kituo kingine ni kuivunja nyumba ili kubadili chumba cha kulala.

Wapo wanaolijua hilo na bado huliona kuacha kazi kama njia ya mkato. Huwaza hivi: nitaacha, nitaomba upya ajira zikitangazwa, safari hii nitachagua halmashauri nzuri. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza nafasi 9,800 za walimu, na mwaka 2023 nafasi 13,130. Katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili, waombaji wa ualimu na afya kwa pamoja walizidi 150,000. Tangu walimu waanze kupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, foleni hiyo imeongezewa mlango mwingine wa kupita. Wala si sahihi kuomba upya ukiwa bado kazini, kwani matangazo ya Sekretarieti hurudia kila mara sharti la waraka wa tarehe 30 Novemba 2010 kwamba aliye tayari mtumishi wa umma katika nafasi ya kuingilia asiombe nafasi kama hiyo. Njia halali ni maombi ya uhamisho, ambayo siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi. Na ndani ya uhamisho iko aina moja ambayo kwa kipimo changu inashinda zote, nayo ni kubadilishana. Mwalimu wa hisabati wa Kondoa anayetaka Mpwapwa akampata mwalimu wa hisabati wa Mpwapwa anayetaka Kondoa, visanduku viwili hubadilishiwa majina na hakuna kinachobaki kitupu. Ndiyo sababu makundi ya walimu ya WhatsApp yamejaa ujumbe wa mstari mmoja: niko wilaya fulani, somo fulani, natafuta wa kubadilishana naye. Huko walimu wamejitengenezea wenyewe soko lisilomgharimu mwanafunzi kipindi hata kimoja, na halmashauri ingefanya vyema kulisaidia badala ya kuliacha lijiendeshe kwa bahati.

Ugumu hubaki kwa anayetaka kuhama bila wa kubadilishana naye, hasa anapotoka kijijini kwenda mjini. Mshahara wake humfuata kwenye halmashauri anakokwenda, na anakotoka hubaki pengo lisilo na tarehe ya kuzibwa. Hapo Dodoma ina tatizo la pekee. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya miaka hiyo serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, mji ukapandishwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na maelfu ya watumishi wakaja na familia zao. Mtumishi wa wizara aliyehamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, ana mke mwalimu aliyeko Kigoma, naye ana haki ya kumfuata mwenza wake. Lakini mwalimu wa Bahi ambaye mumewe anafanya kazi jijini ana haki ileile, na kutoka Bahi hadi jijini ni mwendo mfupi wa basi. Jiji likawa kama shimo la maji katika nchi kavu: kila kilicho karibu huteremkia humo. Wilaya zinazolizunguka zilikuwa na uhaba wa walimu wa sayansi hata kabla ya hapo. Sasa zina uhaba pamoja na kishawishi kilicho jirani.

Njia ya tatu, ya kutoweka, ndiyo mbaya kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoonekana nyepesi. Mwalimu amepata kazi katika shule binafsi, au kwenye shirika, au biashara imemnyookea. Haandiki barua. Wiki ya kwanza anaaga kwamba anauguza, ya pili simu haipatikani, ya tatu kiti chake kinakaliwa na mwingine. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na utoro ndio kosa linaloongoza katika mashauri ya nidhamu ya walimu. Watu wengi huishia hapo katika kulilaani jambo hili: ni utovu wa nidhamu, basi. Ubaya wake mkubwa naona uko kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi. Jina la mtoro linaendelea kusomeka kwenye orodha, kwa hiyo makaratasi yanasema shule ina mwalimu wa kemia. Shauri la nidhamu lina hatua zake, yaani mashtaka, muda wa kujibu, uchunguzi na uamuzi, na hatua hizo ni haki ya mtumishi. Ila muda wote huo nafasi haiwezi kuombewa mtu. Aliyeandika barua ya kuacha kazi, hata kama ameondoka wakati mbaya wa mwaka, ameifungua nafasi. Halmashauri inaweza kuomba kibali cha ajira mbadala, ambacho hutolewa kuziba nafasi za waliostaafu, waliofariki, walioacha na waliofukuzwa. Mtoro ameondoka na kisanduku mfukoni. Kwa hiyo yule ambaye dhamiri yake inamsuta kuandika barua kwa sababu anaona aibu kuwaacha watoto, ajue kwamba barua ile ndiyo jambo la mwisho la maana analoweza kuwafanyia.

Shule binafsi ni dunia nyingine, na huko kuacha kazi ndiyo njia ya kawaida ya kubadili shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, iwe kwa maandishi, ikieleza sababu na tarehe iliyotolewa. Mwenye kukataa kufanya kazi katika siku hizo anaweza kukatwa malipo yake, na mwajiri asiyetaka mtu aendelee kuonekana shuleni anaweza kumlipa mshahara wa siku hizo akamwachia. Hayo walimu wengi wanayajua. Wasilolijua wengi limo katika kanuni za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42: aliyesaini mkataba wa muda maalumu, kwa mfano wa Januari hadi Desemba au wa miaka miwili, hawezi kuuacha katikati kwa notisi ya siku 28 tu. Anaweza kuacha iwapo mwajiri ameuvunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Vinginevyo hana budi kukubaliana na mwajiri kuusitisha mapema. Kwa kuwa mikataba ya shule binafsi aghalabu ni ya muda maalumu, mwalimu anayeondoka Agosti kwa kutegemea siku 28 huenda anadhani yuko ndani ya sheria kumbe yuko nje yake. Akifika shule mpya akaombwa cheti cha utumishi kutoka alikotoka, ambacho mwajiri analazimika kisheria kukitoa ajira inapokoma, mgogoro huo humfuata mlangoni.

Sasa tuitazame kalenda. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, darasa la nne Oktoba, vidato vya pili na vya nne Novemba, kidato cha sita Mei, na kidato cha tano hufungua Julai. Kwa mwalimu wa msingi na wa sekondari ya kawaida, mlango wa asili ni Desemba. Kwa anayefundisha kidato cha sita peke yake, ni mwisho wa Mei. Lakini siku 28 za sheria hazioani na kalenda hii. Anayetaka kuondoka tarehe 31 Desemba anaweza kuitoa notisi yake mwanzoni mwa Desemba na bado akawa halali, ilhali wakati huo shule inafungwa au imekwisha kufungwa, na mwenye shule amepoteza miezi ya kutafuta mtu. Muda unaofaa kumfahamisha mkuu wa shule ni mwanzo wa Oktoba, kwa sababu usaili wa walimu wa Januari hufanyika kabla ya shule kufungwa. Kinyume cha wengi, simlaumu sana mwalimu wa shule binafsi ya jijini anayeondoka. Mtaani kuna wahitimu wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, St John's na vyuo vingine wanaongoja kazi. Nafasi yake ikitangazwa Jumatatu, barua za maombi zinaweza kuwa mezani Ijumaa. Lawama za jamii humwendea yeye kwa sababu kuondoka kwake kunaonekana, na wazazi wanaolipa ada hupiga simu. Pengo la Chemba halipigiwi simu.

Nafasi haingoji, wataniambia. Shule inayolipa vizuri inamtaka mtu Agosti, na anayesema nitakuja Januari atakuta kiti kimekaliwa. Pingamizi hili ni la kweli na sina dawa yake kamili. Wapo watakaokosa nafasi kwa sababu ya kungoja. Ila lina nguvu ndogo kuliko linavyosikika. Mkuu wa shule mpya naye ana kidato cha nne, naye anaogopa kukimbiwa Agosti. Mwalimu anayemweleza kwamba ana watahiniwa na anaomba afike Desemba, au aje kufundisha vipindi vya Jumamosi mpaka hapo, hajamwonyesha udhaifu wowote. Na kama jibu ni sasa au basi, kipimo cha pengo bado kinasaidia: je, yupo mwenzako ofisini anayeweza kukichukua kidato cha nne chako? Akiwapo, kaeni na mkuu wa shule mpange, mkubaliane kwa maandishi kuusitisha mkataba. Asipokuwapo, unajua unawaacha watoto wangapi na mada zipi hazijaguswa, nawe uamue ukiwa unajua.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi. Mwajiri hanilipi kwa wakati, michango ya NSSF hapeleki, nyumba aliyoniahidi haipo. Kwa nini mimi ndiye niulizwe habari za pengo? Nakubali kabisa kwamba mwalimu huyo hapaswi kuulizwa. Mshahara usiolipwa ni uvunjaji wa mkataba, na kanuni zilezile za 2007 zinatambua kuwa mwajiri anayeyafanya mazingira ya kazi yasivumilike amemwachisha mtu kazi, hata kama barua imeandikwa na mwalimu mwenyewe. Anayelazimika hivyo aandike sababu hiyo waziwazi ndani ya barua, na apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kosa la walimu wengi ni heshima iliyopita kiasi: mtu hajalipwa miezi minne, lakini barua yake inasema anaacha kwa sababu za kifamilia na anamshukuru mkurugenzi kwa malezi. Akija kudai, barua ya mkono wake mwenyewe inamkana.

Mambo ya fedha yanahitaji aya yake, maana yamewaumiza wengi. Mwalimu wa serikali anayekwenda shule binafsi hutoka PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, na huko aendako huanza kuchangia NSSF. Pensheni inadai michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Anayeondoka mwaka wa nane hana tena fao la kujitoa kama walilozoea wa zamani, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Hivyo kabla ya kuondoka achukue taarifa ya michango yake na kuitunza, kwani ndiyo ushahidi wa miaka hiyo. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halibaki nyuma: asilimia 15 ya mshahara itakatwa na mwajiri mpya kama ilivyokatwa na wa zamani. Na mwalimu wa serikali anayehama kwa maombi yake mwenyewe asitarajie posho ya usumbufu wala nauli ya mizigo. Hizo ni za aliyehamishwa na mwajiri.

Nimeliacha mwisho pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote. Kama kipimo ni pengo, basi mwalimu wa pekee wa fizikia katika kata ya mbali hataondoka milele, maana pengo lake halitazibwa kamwe. Huku yule wa jijini, ambako wako watatu, yuko huru kila siku. Kipimo kinamwadhibu aliyekubali kwenda pagumu. Fikiria maisha yenyewe: chumba cha kupanga katika nyumba ya tembe, maji ya kisima yenye chumvi, masika ambayo mto ukijaa bodaboda haipiti siku mbili, vipindi zaidi ya 30 kwa wiki. Kumwambia mtu huyo kwamba dhamiri inamfunga hapo ni dhuluma, na haifai kwa shule yenyewe, kwa sababu aliyefungwa ndiye hutoweka. Kenya walijaribu njia ya amri. Kuanzia 2018 Tume yao ya walimu iliwahamisha walimu mbali na kaunti zao, familia zikatengana, malalamiko yakazidi, na kufikia 2022 sera hiyo ikaanza kurudishwa nyuma. Kulazimisha watu kuhama na kuwazuia wasihame ni mkono mmoja.

Jibu langu ni kwamba pengo lina wenye wajibu wawili, na wajibu wa mwalimu una mwisho. Silabasi ya kidato cha tatu na cha nne ni kazi ya miaka miwili. Mwalimu aliyewapokea wanafunzi kidato cha tatu akawafikisha kwenye mtihani wa Novemba amemaliza kazi inayojitosheleza. Kwa ajira mpya, ukijumlisha mwaka wa majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini, hiyo ni takriban miaka mitatu. Basi aandike ombi la kuhama Januari wanapoingia kidato cha nne, aseme atakuwa tayari kuondoka Desemba. Ameipa halmashauri miezi 11. Kuanzia siku hiyo pengo ni la mkurugenzi wa halmashauri na la TAMISEMI inayozisimamia halmashauri: wakimtafutia wa kubadilishana naye, sawa, wakiomba mtu kwenye ajira zijazo, sawa, wakikaa kimya hadi Desemba kisha wamwambie hakuna wa kuziba nafasi yake, hoja hiyo wameipoteza wenyewe. Ombi la namna hiyo lingestahili kujibiwa ndani ya siku zinazojulikana, kama mahakama inavyopanga tarehe, na mwalimu aliyemaliza mzunguko wake katika kata ya mbali angetangulia kwenye foleni ya kuingia jijini mbele ya yeyote anayehama kutoka mji mwingine. Leo aliyetumikia Chemba miaka saba na aliyetoka Arusha mwezi uliopita wanaomba dirisha moja.

Iwe ni kuhama au kuacha, siku ya mwisho ina kazi zake, nazo si za adabu tu. Barua ipitie kwa mkuu wa shule, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa na ibaki mkononi mwa mwandishi. Vitabu vihesabiwe, funguo za maabara zikabidhiwe kwa saini. Alama za tathmini endelevu zikamilishwe, kwa kuwa Baraza la Mitihani huzihesabu ndani ya matokeo ya kidato cha nne, na mtoto asiye na alama hizo ameumizwa na mtu ambaye hatamwona tena. Kisha liandikwe azimio la kazi jinsi lilivyofikiwa kweli, si jinsi lilivyopangwa: mada ya mawimbi imefundishwa, ya sumakuumeme imeishia katikati, mkondo B wamefanya jaribio moja kati ya mawili. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya shajara la darasa, ukurasa wa mbele, kwa ajili ya mtu ambaye herufi za jina lake bado hazijaandikwa kwenye ratiba.